Vyumba Vitatu, Mbezi, Iwe na Hati

Leo nimekuja na sentensi moja, nasi tutaichambua mpaka muda utuishie. Sentensi yenyewe ni hii: "Natafuta nyumba ya vyumba vitatu Mbezi, isizidi milioni 80, iwe na hati, na maji yasiingie wakati wa masika."

Hivyo ndivyo mtu wa Dar es Salaam anavyomwambia dalali, au shemeji yake, au fundi aliyemkuta akimjengea jirani. Tovuti za nyumba kwa miaka mingi zimemkatalia kusema hivyo. Zimempa visanduku: chagua mkoa, chagua wilaya, andika bei ya chini, andika bei ya juu. Sasa imekuja akili unde, programu inayoweza kuipokea sentensi ya mtu jinsi alivyoitamka, na vijana wetu wa teknolojia wanaulizana kama wakati umefika wa kuunda chombo cha kutafutia nyumba ambacho unakiambia tu kwa Kiswahili chako, nacho kikakuletea.

Mimi nasema wakiunde. Ila nawasikia wengi wakizungumza kana kwamba kazi kubwa ni kukifanya chombo kielewe. Kuelewa, siku hizi, ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye jibu. Kila jambo ambalo chombo hicho kitamwambia mnunuzi lazima liwe na mwenyewe: nani kalisema, lini, na kwa kuona au kwa kusikia.

Tuanze na Mbezi. Mgeni wa jiji ataona jina moja, lakini mwenyeji anajua ni pande mbili zisizoonana. Iko Mbezi Beach, ya Barabara ya Bagamoyo, ya Tangi Bovu na Afrikana. Na iko Mbezi ya Kimara, ya Barabara ya Morogoro, ilipo stendi kuu ya mabasi iliyofunguliwa mwaka 2021, na ukiingia ndani unazikuta Makabe, Msumi na Msakuzi. Milioni 80 ya huku si milioni 80 ya kule. Chombo kizembe kitachagua Mbezi moja kimyakimya na kukumwagia orodha. Chombo chenye adabu kitauliza: Beach au ya Kimara? Kikishajibiwa, kianze kuonyesha. Hapa wabunifu wengi huteleza upande wa pili, wakadhani kwa kuwa programu inajua kuongea basi iongee. Ikuulize una watoto wangapi, unapenda jiko la namna gani, unafanya kazi wapi. Mtu mwenye bando la siku moja hana muda huo. Mwonyeshe nyumba tatu, akisema "hii iko mbali na lami," umeshajua jambo ambalo maswali kumi yasingekupa.

Na lami, msikilizaji, ni kipimo chetu halisi. Matangazo yetu husema mita 300 kutoka lami, gari inafika mpaka mlangoni, luku yake, maji ya DAWASA yapo. Programu inaweza kupima umbali wa lami kwenye ramani ya setilaiti bila kumuuliza mtu, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu mita 300 za dalali zina tabia ya kurefuka. Lakini ramani haijui kama njia hiyo inapitika mwezi wa nne. Na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina, ila bado mtu atakuelekeza kwa duka la dawa na mwembe. Chombo kijue yote mawili.

Halafu "nyumba ya vyumba vitatu". Hapa ndipo chombo kilichonakiliwa kutoka Marekani kitakwama mapema kabisa. Kule mtu ananunua nyumba iliyokwisha, kwa mkopo wa miaka 30. Kwetu mkopo wa nyumba wa muda mrefu ni jambo changa. Sheria yake mahususi ni ya mwaka 2008, na TMRC, taasisi inayozipatia benki fedha za kukopesha, ilianzishwa mwaka 2010. Walio wengi bado wananunua kwa hatua: kiwanja mwaka huu, msingi ukipatikana mchezo wa kijumbe, kuta, kisha kusubiri, kisha kupaua. Kwa hiyo anayesema anatafuta nyumba ya vyumba vitatu huenda pagala lililofika kwenye lenta likamfaa kuliko nyumba iliyopakwa rangi, kama amebakiza fedha ya bati. Chombo kizuri kingemwambia: kwa kiasi chako upande huu kuna nyumba iliyokamilika ya vyumba viwili, na kuna pagala la vyumba vinne ambalo halijapauliwa. Hilo ni jibu la mtu anayeijua Dar. Sijaliona bado kwenye tovuti yoyote.

Sasa fedha. Nitakaa kidogo hapa kwa sababu kuna mtego usiosemwa.

Mnunuzi akimwambia dalali "isizidi 80", mnajua kinachofuata. Nyumba iliyokuwa ya 68 inapanda asubuhi hiyo hiyo mpaka 79 na nusu, mazungumzo yapo. Ndiyo maana watu wetu hudanganya bajeti yao. Mwenye 80 husema 60. Sasa anapozungumza na mashine huwa huru zaidi, anasema ukweli wote: nina 80, nikibanwa nafika 90, na nahitaji kuhama kabla shule hazijafunguliwa. Taarifa hiyo ni silaha. Ikimfikia muuzaji, mnunuzi amekwisha. Kama chombo hiki kinalipwa na wauzaji na madalali, na kinawapelekea "wateja" pamoja na kiasi walichotaja, basi kimekuwa mpelelezi wa upande wa pili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini nisingesubiri sheria. Ningeandika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi zinazosomeka: bajeti yako haitaonwa na muuzaji. Kisha ningehakikisha ni kweli.

Na bei yenyewe? Kule Marekani kuna kampuni inaitwa Zillow, ya Seattle, ambayo tangu ilipofungua tovuti yake mwaka 2006 imekuwa ikikadiria kwa kompyuta thamani ya mamilioni ya nyumba. Hutangaza pia ukubwa wa makosa yake: kwa nyumba ambazo haziko sokoni, kosa lake la kati ni takriban asilimia 7. Mwaka 2018 wakasema, kama tunajua bei, kwa nini tusinunue wenyewe? Wakaanza kununua nyumba na kuziuza tena. Novemba 2021 wakaifunga biashara hiyo. Walilazimika kupunguza thamani ya nyumba walizokuwa nazo kwa zaidi ya dola milioni 300 kwa robo moja ya mwaka, na kutangaza kupunguza karibu robo ya wafanyakazi. Hao wana kumbukumbu za mauzo za miongo, zilizoandikwa na serikali za wilaya, na katika majimbo mengi ziko wazi kwa kila mtu. Sisi tuna nini? Tuna bei inayoandikwa kwenye mkataba kwa ajili ya kodi, na bei iliyolipwa mkononi. Kila aliyewahi kuuza anajua hizo ni bei mbili. Ukiifundisha mashine kwa bei ya kwanza, itakadiria uongo kwa ufasaha mkubwa.

Kwa hiyo nisingeiruhusu itoe bei moja yenye senti. Iseme: matangazo ya nyumba za namna hii upande huu, kwa miezi sita iliyopita, yalianzia hapa yakaishia hapa, na haya ni matangazo, si mauzo. Maneno hayo "si mauzo" ndiyo ningeyapigania kwenye kikao.

Tufike kwenye "iwe na hati". Hapa naomba uvute kiti.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kwa niaba ya wananchi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na hati ndiyo ushahidi wake. Sasa nenda kwenye kurasa za madalali usome "ina hati". Mmoja ana hati yenyewe, kwa jina lake. Wa pili ana hati kwa jina la marehemu baba yake, na mirathi haijafunguliwa. Wa tatu ana barua ya toleo. Wa nne ana leseni ya makazi, ile ya muda mfupi iliyotolewa kwenye maeneo yasiyopimwa. Wa tano ana mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi watatu, mmoja wao amekwisha kuhama. Wa sita ana hati safi, lakini iko benki. Wote sita wameandika maneno mawili yale yale, na akili unde iliyofundishwa kwa matangazo hayo itawaweka wote sita kwenye kapu moja, kisha itamwambia mnunuzi kwa sentensi nzuri yenye nukta mwishoni: nyumba hii ina hati miliki.

Hilo ndilo linalonitia hofu. Dalali akisema "ina hati, usijali," sauti yake yenyewe inakuonya. Unamtazama usoni, unasita, unaomba nakala. Mashine haina uso. Inaandika sawasawa inapojua na inapobahatisha, na tabia ya kubahatisha iko ndani ya namna programu hizi zinavyofanya kazi: zinapanga maneno yanayoelekea kufuatana. Ukiiuliza kuhusu nyumba ambayo haina taarifa zake, haitanyamaza yenyewe mpaka mbunifu aizuie.

Tiba ipo, tena haihitaji muujiza. Usiiruhusu mashine itunge maelezo ya nyumba. Iachie kazi ya kuelewa swali na kutafuta kwenye kumbukumbu. Jibu litoke kwenye kumbukumbu, na kila dai libebe asili yake. Mfano: "Hati: amesema muuzaji, nakala haijaonwa." Au: "Nakala imeonwa, upekuzi kwa Msajili wa Hati haujafanywa." Au: "Upekuzi umefanywa tarehe fulani, jina linafanana na la muuzaji, hakuna rehani." Hizo ni daraja tatu tofauti kabisa za usalama, na mnunuzi wa darasa la saba ataelewa tofauti yake kwa kusoma mara moja. Au kwa kusomewa, maana nataka chombo hiki kiseme pia, na kipokee ujumbe wa sauti. Mtu asiyependa kuandika asifungiwe mlango.

Msikilizaji wa Nairobi ataniambia wao wana mfumo wa mtandaoni uitwao Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, mtu anafanya upekuzi akiwa nyumbani kwake. Kweli, na huko chombo kama hiki kitakuwa na mahali pa kuanzia, kwa ardhi ambazo kumbukumbu zake zimekwisha kuingizwa. Lakini hata upekuzi safi hausemi kila kitu. Novemba 2011 kule Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, nyumba za watu wenye karatasi mkononi zilivunjwa kwa madai kwamba zimejengwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Kwetu, mwaka 2017, mabuldoza yalipita kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, kwa sababu ya hifadhi ya barabara iliyopimwa mita 121. Alama ya X nyekundu ukutani kila mtu wa njia ile anaikumbuka. Hifadhi ya barabara ni mstari kwenye ramani, na mstari kwenye ramani ndicho kitu ambacho kompyuta inakijua vizuri kuliko dalali na kuliko mwenyekiti wa mtaa. Ndivyo ilivyo pia kwa mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Ningeanza na hayo kabla ya picha za sebule.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye ramani wala kwa Msajili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume. Kesi ngapi zimeanzia hapo! Programu haiwezi kujua kama mwenza wa muuzaji amekubali. Inaweza kufanya jambo moja la maana: kabla mnunuzi hajapanda bodaboda kwenda kuona, imkumbushe aulize kama muuzaji ana mwenza, na kama mwenza huyo atakuja kusaini.

Nirudi Marekani kidogo nieleze kwa nini kule mambo yanaonekana mepesi. Zillow ilianza kuruhusu watu watafute nyumba kwa sentensi za kawaida Januari 2023. Watu wakaandika kuhusu madirisha makubwa na uwanja wa mbwa. Wanaweza kuota madirisha kwa sababu chini yao kuna vitu visivyoonekana kwenye simu: mawakala wanaotumia kwa pamoja orodha moja ya nyumba kwa eneo, ofisi za kumbukumbu za ardhi, na kampuni za bima ya umiliki, ambazo nyumba ikija kuonekana ina mwenyewe mwingine, zinalipa. Ukinakili skrini bila vitu hivyo, umenakili rangi. Na hata wao wana kigingi chao: tangu sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968, wakala haruhusiwi kumwelekeza mteja kwenye mtaa au kumwepusha nao kwa sababu ya rangi au dini ya wanaoishi hapo, na mashine inayojibu kila swali inaweza kufanya hivyo bila kujua. Mwaka 2024 Zillow iliweka hadharani programu yake ya kutambua majibu ya namna hiyo. Nasi tuna maswali yetu ya pembeni: majirani ni watu wa wapi, ni wa dini gani. Binafsi nisingeifundisha mashine kujibu hayo. Imweleze mtu msikiti uko mita ngapi na kanisa liko mita ngapi, ajipangie mwenyewe.

Bado maji.

Yule mnunuzi wetu alisema "masika". Mashine inayotii neno itachunguza Machi mpaka Mei. Lakini mafuriko makubwa yaliyowahamisha watu wa bonde la Msimbazi kupelekwa Mabwepande yalitokea Desemba 2011, na Desemba ni vuli. Anachotaka kujua mnunuzi ni kama maji yanaingia ndani, mwezi wowote. Sasa, taarifa hiyo inatoka wapi? Mwinuko wa ardhi unapatikana kwenye setilaiti, lakini mtaro ulioziba kwa taka hauonekani huko. Septemba 2024 Zillow iliweka kwenye matangazo yake alama za hatari ya mafuriko na moto wa nyika kutoka kampuni ya First Street, na mwaka uliofuata ikaziondoa, baada ya watu wa soko la nyumba kulalamika kwamba si sahihi. Huenda zilikuwa na makosa. Huenda pia hakuna anayeuza nyumba anayependa alama hiyo iwepo. Mvutano huo utafika hapa siku ya kwanza.

Mimi ningeenda kwa majirani. Chombo kimtumie mnunuzi, hata kwa ujumbe wa kawaida unaosomeka kwenye kitochi, maswali matatu ya kumuuliza mama muuza genge wa hapo karibu: maji yalifika mwaka gani, yalifika wapi ukutani, na njia inapitika siku ya pili. Majibu yakirudi, yaandikwe kama yalivyo: amesema jirani, tarehe hii. Baada ya mwaka mmoja wa wanunuzi kwenda na kurudi, mtaa una kumbukumbu ambayo haiko wizarani wala kwenye setilaiti.

Na madalali je? Wapo wanaotaka chombo hiki kiwaondoe. Sikubaliani. Dalali mzuri anajua nyumba itakayouzwa kabla mwenyewe hajasema, anajua mgogoro wa mpaka ulioamuliwa barazani. Kinachochosha ni hela ya kuzungushwa: unalipa, unapelekwa nyumba iliyouzwa mwezi uliopita. Hilo programu inaliweza. Picha moja ikiwa kwenye kurasa tisa kwa bei tisa, itambue ni nyumba moja. Tangazo la wiki ya tatu bila mtu kulithibitisha, lishuke chini. Dalali ambaye hati alizozitangaza zilikutwa ni hati kweli, apande juu. Apande kwa hilo, asipande kwa kulipia.

Najua swali linalofuata: kama hakuna anayelipia kupanda juu, nani atalipa umeme wa mitambo? Ningemtoza mnunuzi kidogo pale tu anapoomba upekuzi ufanywe, kwa kuwa hapo anapata kitu mkononi. Ndugu zetu walioko Muscat na London, wanaotuma fedha kwa kaka akanunue halafu wanakaa roho juu, hao wangelipa leo. Na nisingeanza na jiji zima. Ningeanza na kata moja, Goba kwa mfano, mpaka kila dai kwenye kila nyumba ya Goba liwe na mwenyewe. Kigamboni ingesubiri.